Besi ina mwenyewe: kupiga gitaa la jazi na bluzi peke yako na kupiga na bendi, uzoefu wangu Mwanza

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Napiga gitaa hapa Mwanza. Jumatano na Alhamisi napiga peke yangu kwenye hoteli moja huku Capri Point: mimi, kiti, gitaa kavu na spika moja ndogo. Ijumaa na Jumamosi napiga gitaa la umeme na bendi upande wa Kirumba, tuko sita jukwaani. Kote napiga jazi na bluzi kadiri ukumbi unavyoruhusu. Kwenye bendi tunachanganya na rumba na zilipendwa, maana mtu aliyelipa kiingilio amekuja kucheza na ni haki yake.

Alhamisi iliyopita kijana mmoja alinifuata wakati wa mapumziko akaniuliza: "Kaka, Jumamosi nilikuona Kirumba, zile nyuzi nene ulikuwa huzigusi kabisa. Leo hazipumziki. Kwa nini?" Katika miaka yote niliyopiga sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu muda wa kurudi kwenye kiti ulishafika. Uzi huu ndio jibu lenyewe.

Msimamo wangu nauweka mapema: kupiga peke yako na kupiga na bendi ni kazi mbili tofauti. Ukiwa peke yako unajaza. Ukiwa na bendi unaacha. Vijana wengi ninaowasikia hapa mjini wana vidole vyepesi kuliko vyangu, lakini wanapiga vilevile kote kuwili. Hotelini muziki wao unakuwa mkavu, kwenye bendi unakuwa kelele.

Nimekulia Kirumba, jirani na Mwaloni. Gitaa langu la kwanza lilikuwa galoni ya mafuta ya lita 5, kipande cha mbao na nyuzi nne za nailoni za kuvulia. Uzi wa kuvulia ukiukaza sana unakata kidole, ukiulegeza haulii, kwa hiyo muda mwingi nilikuwa nakaza na kulegeza kuliko kupiga. Bila kujua nilikuwa najifunza sikio. Nilipopata gitaa la kweli nikajifundisha kupiga peke yangu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kupiga naye. Dole gumba linapiga besi, vidole vingine vinapiga wimbo. Nikawa najiona nimekamilika.

Kisha nikachukuliwa kwenye bendi.

Wiki ya kwanza nilipanda na mkono uleule wa peke yangu. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) nazishika nyuzi zote sita, nafasi yoyote inayobaki naijaza. Mpiga besi wetu wakati huo alikuwa mzee mmoja mpole sana, hakuwahi kumfokea mtu. Katikati ya wimbo wa pili akaondoa mikono kwenye nyuzi, akaifumbata kifuani na kunitazama tu. Wimbo ukaenda hivyo hadi mwisho. Tuliposhuka akanipa maji, akaniambia: "Mdogo wangu, besi ina mwenyewe. Ukiitaka nikuachie, mimi nikalale."

Usiku ule sikulala. Hakunionea hata kidogo. Nilikuwa naingia shambani kwake na jembe langu.

Sasa naingia kwenye kazi yenyewe. Wale wenye gitaa mkononi mnifuate.

PEKE YAKO. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kipimo mapigo 4. Kwa watu wa kwaya: vipimo 4 uko do, viwili fa, viwili do, kimoja so, kimoja fa, viwili do, unarudi mwanzo. Sasa shika bluzi ya A (noti za gitaa tunaziita kwa herufi, na nyuzi tunazihesabu kuanzia ule mwembamba). Uzi wa tano ukiuacha wazi ni A, hiyo do. Uzi wa nne wazi ni D, hiyo fa. Uzi wa sita wazi ni E, hiyo so. Yaani besi zote tatu unazohitaji zinalia bila mkono wa kushoto kugusa kitu. Dole gumba linapiga uzi wa tano mapigo manne yaliyo sawasawa, tum tum tum tum, likifika zamu ya fa linahamia wa nne, zamu ya so linahamia wa sita. Mkono wa kushoto uko huru kabisa kuimba juu kwenye nyuzi nyembamba.

Ugumu uko kwenye kulifanya dole gumba lisisikilize vidole vingine. Vidole vikikimbia, lenyewe linataka kukimbia. Vikisimama, lenyewe linasimama. Mimi nililipiga peke yake wiki mbili nzima, bila wimbo wowote juu, hadi mke wangu akaniuliza kama gitaa limeharibika.

NA BENDI. Bluzi ileile ya A. Besi ana A yake, kinanda kina mikono miwili, saksafoni inasubiri zamu. Wewe chukua nyuzi mbili tu za katikati: uzi wa nne freti ya 5 na uzi wa tatu freti ya 6 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Basi, hiyo ni A saba, kodi ya A yenye ladha ya bluzi, ya kukutosha. Zamu ya D, rudisha vidole vyote viwili freti moja nyuma. Zamu ya E, kutoka pale A ulipoanzia, vipeleke vyote viwili freti moja mbele. Wimbo mzima umeupiga kwa vidole viwili vinavyosogea freti moja huku na moja kule. Ukipiga hivyo nyumbani peke yako utaona umekosa kitu. Ukipiga hivyo kwenye bendi utasikia kila chombo kimepata pa kukaa.

Anayetaka mfano amsikilize Freddie Green, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani. Aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1987, miaka 50, na solo hakuwa mtu wa kuzipiga. Kazi yake ilikuwa mapigo manne ya gitaa kavu, noti chache, chini ya tarumbeta na saksafoni zote zile. Ukimwondoa, bendi inayumba. Kisha msikilize Joe Pass kwenye rekodi zake za gitaa peke yake za miaka ya 1970, kuanzia ile ya 1973: besi, kodi na wimbo vyote viko kwenye mkono mmoja. Nani mkubwa kati yao? Mimi siwezi kuwapanga. Kila mmoja alijua yuko kazi gani.

Karibuni mchangie.

Mdau wa Nyegezi

Mkuu shukrani kwa darasa. Swali: unaposema jazi unamaanisha ipi? Maana sisi tumekua tunasikia Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Shirati Jazz, na zile hazifanani na hiyo ya Count Basie.

Mleta uzi

Swali la msingi mkuu. Zamani hapa kwetu "Jazz" kwenye jina la bendi ilikuwa na maana ya bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na mara nyingi tarumbeta na saksafoni. Jina hilo limetumika tangu Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930. Muziki wenyewe uliegemea zaidi rumba iliyotoka Cuba kwa njia ya santuri, na ngoma zetu wenyewe. Kwa hiyo ni jina moja, njia mbili.

Ila naomba tusizitenganishe mno. Bendi zetu za dansi zilishajua somo la kuacha nafasi, tena kwa ufundi mkubwa. Sikiliza magitaa ya bendi yoyote nzuri ya zamani: rithim anakaa kwenye mdundo wake habanduki, solo wa pili anashona katikati, solo wa kwanza anapita juu, besi yuko chini. Wanne, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mbaraka Mwinshehe alipokuwa Morogoro Jazz solo yake ilikaa wazi vile kwa sababu waliokuwa nyuma yake walimsafishia njia. Yule mzee wetu wa besi alilelewa kwenye shule hiyo.

Mdau wa Rorya

Natokea Shirati, kwa D.O. Misiani, yule bingwa wa benga. Umegusa kuhusu dole gumba nikamkumbuka babu yangu mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Watu wanasema benga, muziki wa gitaa wa Kijaluo, ni gitaa lililojifunza kutoka nyatiti, mimi naamini hivyo.

Mleta uzi

Mkuu umenifungulia mlango niliokuwa naogopa kuuingia mwenyewe maana mimi si Mjaluo. Ila naomba niseme ninachokiona.

Niliwahi kukaa karibu na mpiga nyatiti kwenye msiba mmoja huko Mara, umbali wa mkono mmoja. Alikaa kwenye kigoda kifupi sana, nyatiti amelilaza kwa ubavu mbele yake. Nyuzi 8. Mguuni amefunga njuga. Kidole kikubwa cha mguu amekivisha pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo anagonga ukingo wa chombo. Vidole vya mikono vinatembea, pete inagonga, njuga zinalia, na juu ya hayo yote anaimba na kutaja ukoo wa marehemu bila kukosea. Watu wanne ndani ya mtu mmoja. Nilitazama ile pete hadi nikasahau kilichonipeleka.

Sasa mlinganishe na John Lee Hooker, mpiga bluzi wa Marekani. Mwaka 1948 kule Detroit alirekodi sauti yake, gitaa lake la umeme na mguu wake ukigonga sakafu. Hakuna besi, hakuna ngoma, na mguu ule ndio umebeba kila kitu. Sisemi mmoja alijifunza kwa mwenzake. Nasema mtu akibaki peke yake mbele ya watu, mguu unajua cha kufanya.

Na jambo jingine la Hooker linalohusu uzi huu: alizoea kupiga peke yake kiasi kwamba alikuwa anahama kodi anapojisikia, si pale vipimo vinapomtaka. Kipimo kinaweza kurefuka, kingine kikafupika, kufuata maneno. Akiwa peke yake ni utamu mtupu. Waliokuja kumsindikiza walipata kazi ngumu kwelikweli. Kwa hiyo hata mabingwa, zile kazi mbili ziliwasumbua.

Na kwa wanaopenda Kiswahili, msimsahau Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952. Dole gumba na kidole cha shahada, anaimba Kiswahili chake cha kule, na ukifumba macho unaapa wako wawili. Mimi nilimjua nikiwa mtu mzima na nikasikitika kwamba nilichelewa.

Mwalimu wa kwaya, Igoma

Bwana Yesu asifiwe mleta uzi. Nimefuata maelezo yako ya do, fa, so nikayaelewa mara moja. Nisaidie: ile ladha ya bluzi, ile ya kama mtu anaomboleza huku anatabasamu, inatoka wapi kwa lugha ya sisi wa nota za do re mi?

Mleta uzi

Amina mwalimu. Jibu liko kwenye ma na ta unazozifundisha kila siku. Mi ikishushwa inakuwa ma, ti ikishushwa inakuwa ta. Bluzi inaweka ta karibu kila kodi, kwa hiyo wimbo haupumziki kabisa, kila mara kuna kitu kinadai. Zile freti mbili nilizotaja hapo juu kwa A ni ta kwenye uzi wa nne na mi kwenye uzi wa tatu.

Kisha mwimbaji na gitaa hawakai kwenye ma wala kwenye mi. Wanakaa katikati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Kwenye gitaa unaipata kwa kuuvuta uzi pembeni kidogo kwa kidole, unaupandisha ma kuelekea mi na kuuachia kabla haujafika. Sema na waimbaji wako wa sauti ya tatu waiimbe mi kwa uchovu, kama mtu aliyerudi safari ndefu kwa miguu. Utaisikia.

Mdau wa Buzuruga

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Huu muziki ni wa Wazungu na wa watalii wa Capri Point. Watu wa Mwanza wanataka bongo fleva na singeli. Kwa nini usiwapigie watu wako vya kwao?

Mleta uzi

Nakuheshimu mkuu, ila hapo sikubaliani nawe, na nitajibu kwa moyo wote.

Bluzi ilianzishwa na Waafrika wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watu waliobebwa utumwani. Walioimba mwanzo walikuwa vibarua wa mashamba ya pamba. B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa maarufu wa bluzi, alizaliwa Mississippi mwaka 1925 akachuma pamba kabla hajashika jukwaa lolote. Mwaka 1974 alikuja kupiga Kinshasa, mbele ya umati wa Waafrika wenzake. Ukiita muziki huo wa Wazungu unawanyang'anya watu hao kitu pekee walichobaki nacho.

Halafu huyo huyo B.B. King ni mwalimu wangu wa kupiga na bendi. Akiimba, gitaa lake linanyamaza. Akinyamaza, gitaa linaitikia. Ni kuitana na kuitikiana, na wewe unayetoka Usukumani huwezi kuniambia hujui kitu hicho. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku ya ngoma, simama karibu na manju (kiongozi wa ngoma), usikilize anavyotupa mstari na kundi linavyourudisha.

Kuhusu watu wa Mwanza: msikilizaji wangu mkubwa kuliko wote ni mvuvi wa dagaa. Wakati wa mbalamwezi karabai hazivuti dagaa, wavuvi wanakuwa nchi kavu, na ukumbi wetu Kirumba unajaa. Tukipiga bluzi ya polepole katikati ya rumba, meza ya wavuvi ndiyo inayonyamaza kwanza. Hakuna aliyewafundisha. Mmoja alinituza elfu kumi akaniambia "rudia ile ya huzuni."

Mdau wa Nyegezi

Mkuu, na kwenye kipato je? Kipi kinalipa?

Mleta uzi

Nitakuwa mkweli. Kwa usiku mmoja, peke yangu napata zaidi ya mgawo wangu wa bendi, kwa sababu bendi tunagawana sita, na kuna fundi mitambo na gari la kubeba vyombo. Lakini bendi ndiyo inayonifanya nijulikane, na wanaonialika kwenye harusi na shughuli wananiona huko.

Kazi ya peke yako inatishiwa na kitu kingine. Hoteli moja niliyopiga karibu miaka miwili waliniambia niweke biti kwenye flashi, nipige gitaa juu yake, ili "muziki ujae." Nilijaribu wiki tatu. Biti haikusikii. Mgeni akiinua glasi na kutabasamu ukataka kurudia sehemu, biti inaendelea mbele. Mtoto akianza kucheza ukataka kuongeza mwendo, biti inakataa. Dole gumba langu likakosa kazi, na baada ya muda nikajisikia kama mtu anayeimba juu ya redio. Niliomba nirudi kwenye gitaa tupu. Hawakukataa kwa maneno, ila mwezi uliofuata hawakuniita, ikabaki flashi peke yake. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu pale palikuwa na sakafu ya mbao iliyoitikia mguu vizuri kuliko ukumbi wowote ninaoujua hapa mjini.

Nilipo sasa, mwezi uliopita umeme ulikatika saa 3 usiku nikiwa katikati ya wimbo. Spika ikafa, taa zikafa. Mkono haukusimama. Nilibeba kiti huku bado dole gumba linapiga uzi wa tano wazi, nikakaa katikati ya meza. Wahudumu wakaleta mishumaa. Watu wakashusha sauti zao wenyewe bila kuambiwa, na usiku ule upepo ulikuwa umeshageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jenereta lilipowaka, mama mmoja akasema lizimwe kwanza nimalize.

Kijana wa Alhamisi

Kaka, ni mimi niliyekuuliza lile swali. Asante sana, nimesoma yote. Nimejaribu bluzi ya A siku tatu. Dole gumba linaenda vizuri peke yake, ila nikiweka wimbo juu linafuata wimbo. Nifanyeje? Na sina amplifaya, nina gitaa kavu tu, na nyuzi zake zimeshika kutu.

Mleta uzi

Mdogo wangu, umenifurahisha sana.

Usiweke wimbo bado. Weka noti moja tu. Dole gumba mapigo manne, na kwenye pigo la kwanza piga pamoja nalo uzi wa kwanza freti ya 5, basi. Vipimo 12 vyote hivyo. Kesho yake ihamishie kwenye pigo la pili. Keshokutwa la tatu. Ukifika la nne, anza kuiweka katikati ya mapigo mawili, hapo ndipo dole gumba litakapoanza kulalamika, na hapo ndipo ukae. Mguu wa kushoto ugonge sakafu muda wote. Usivae raba, vaa kiatu kigumu au vua kabisa, usikie mgongo wako unavyopokea pigo.

Amplifaya huihitaji kwa kazi hii. Nyuzi zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, jasho ndilo linalokula chuma haraka. Hizo zilizoshika kutu usizipige, zinakukata na zinakudanganya sikio. Nina seti moja ya akiba, nitakuwekea.

Kesho naanza saa 1 jioni. Njoo saa 12 na nusu kabla wageni hawajakaa. Leta gitaa lako tulibadilishe nyuzi. Ukimaliza usikae mbele, kutoka mbele utaona mkono wa kushoto tu kama watu wote. Vuta kiti ukae upande wangu wa kulia, karibu na ukuta, uangalie dole gumba.